Kiwanda, Ploti na Kaunti: Utawala Bora na Mageuzi ya Uchumi Thika na Ruiru

Katika taaluma ya uchumi wa maendeleo, mageuzi ya muundo wa uchumi ni mwendo ambao nguvukazi na mtaji huhama kutoka shughuli zenye tija ndogo, aghalabu kilimo cha kujikimu, na kuingia katika shughuli zenye tija kubwa, hasa viwanda. Arthur Lewis aliueleza mwendo huo mwaka 1954, na tangu hapo umekuwa kipimo cha kutofautisha ukuaji wa kweli na ule wa takwimu tu. Dhana ya utawala bora ilikuja baadaye, ikapata nguvu baada ya ripoti ya Benki ya Dunia ya 1989 kuyahusisha matatizo ya kiuchumi ya Afrika kusini mwa Sahara na mgogoro wa utawala. Leo hupimwa kwa viashiria kama uwajibikaji, utawala wa sheria na udhibiti wa ufisadi. Wengi huamini kwamba dhana ya pili huizaa ya kwanza. Makala haya yanadai kwamba ukanda wa Thika na Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, unadai maelezo tofauti: swali zito la utawala katika ukanda huo si kiasi cha fedha za umma kinachoibwa, bali ni shughuli ipi ambayo sheria, kodi na mipango ya miji huifanya ilipe kuliko nyingine. Kwa muda mrefu sasa, shughuli hiyo imekuwa ni kumiliki na kuuza ardhi.

Thika haikuwa hivyo. Reli iliifikia mwaka 1913, na baada ya uhuru serikali iliujenga mji huo kwa zana tatu: ushuru wa kulinda bidhaa za ndani, leseni za kuagiza bidhaa, na hisa za umma katika makampuni. Kiwanda cha kuunganisha magari kilianzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya, kisha kikawa Kenya Vehicle Manufacturers, huku serikali ikishika asilimia 35 ya hisa. Kando yake vilikuwepo viwanda vya nguo, vya ngozi, vya makopo ya mananasi na vya chuma, hata mji ukabandikwa jina la Birmingham ya Kenya. Jambo linaloisumbua nadharia ya utawala bora ni kwamba sehemu kubwa ya ustawi huo ilitokea chini ya mfumo wa chama kimoja, ambao kwa viashiria vya leo ungepata alama duni. Kifungu cha 2A cha katiba kilipofutwa Desemba 1991 na vyama vingi kurejea, nchi ilikuwa inafungua pia milango ya mitumba na magari yaliyotumika. Viwanda vya nguo vikafungwa au vikasinyaa, na mitambo ya kuunganisha magari ikabaki ikifanya kazi chini sana ya uwezo wake. Kuanza kuunganishwa kwa Volkswagen Polo Vivo huko Thika Desemba 2016 kulishangiliwa kama habari kubwa, jambo ambalo lenyewe linaonyesha matarajio yalikuwa yameshuka kiasi gani.

Hailazimu kuhitimisha kwamba udikteta ulijenga viwanda na demokrasia ikavibomoa, ingawa wapo wanaopenda kuisoma historia hivyo. Kasoro ilikuwemo ndani ya ulinzi wenyewe. Korea Kusini nayo ililinda viwanda vyake, lakini mikopo nafuu ilifungamanishwa na malengo ya mauzo ya nje, na kampuni iliyoshindwa kuyafikia ilijiweka katika hatari ya kunyimwa msaada. Nchini Kenya leseni ilitolewa bila sharti la namna hiyo, hivyo mwenye kiwanda hakuwa na sababu ya kujifunza kushindana. Mwanauchumi Mushtaq Khan hutofautisha utawala unaoimarisha soko, yaani ule wa mikataba, mahakama na vita dhidi ya hongo, na utawala unaokuza uchumi, yaani uwezo wa dola kumpa mzalishaji upendeleo na kumnyang'anya anapozembea. Thika ya zamani ilipata nusu ya aina hiyo ya pili, na nusu iliyokosekana ndiyo ngumu zaidi kuijenga.

Ruiru ilianzia kwenye kahawa. Kituo cha utafiti wa zao hilo kiko huko, na aina ya mbegu inayostahimili magonjwa iliyotolewa mwaka 1985 inaitwa Ruiru 11. Uzalishaji wa kahawa nchini ulifikia kilele karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, kisha ukaporomoka hadi chini ya nusu, na mashamba yaliyokuwa jirani na Nairobi yakaanza kuwa na thamani kubwa yakikatwa ploti kuliko yakivunwa. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 ilitaka kila mgawanyo wa shamba upate kibali cha bodi, lakini bodi haikuweza kuzuia mkondo ambao bei ilikuwa imeuamua.

Kisha ikaja barabara. Kati ya 2009 na 2012 barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50, ilipanuliwa kwa gharama iliyozidi shilingi bilioni 30, kwa fedha za serikali ya Kenya, Benki ya Maendeleo ya Afrika na benki ya China ya Exim. Kwa nia, huu ulikuwa mradi wa mageuzi ya muundo: kupunguza gharama ya kusafirisha bidhaa na wafanyakazi. Kwa matokeo, ulikuwa pia uhamisho mkubwa wa mali kutoka kwa umma kwenda kwa wenye hatimiliki, kwa kuwa kila ekari iliyopakana na barabara hiyo ilipanda bei bila mwenyewe kutoa jasho. Kodi ya faida itokanayo na mauzo ya mali ilikuwa imesimamishwa tangu 1985, nayo haikurudishwa hadi Januari 2015, kwa kiwango cha asilimia 5 tu. Ilifika asilimia 15 mwaka 2023. Maana yake ni kwamba katika miaka yote ya ujenzi, na miwili iliyofuata, aliyeuza ploti Ruiru hakutozwa kodi hiyo hata senti juu ya faida yake. Mnunuzi alilipa ushuru wa stempu, nao ukaenda serikali kuu. Katika muda huohuo, kampuni yenye kiwanda Thika ilitozwa asilimia 30 ya faida yake, pamoja na leseni za mamlaka za mji. Mwekezaji mwenye akili timamu hakuhitaji ushauri wa mtaalamu ili kujua apeleke wapi fedha zake.

Kuna nchi zilizolikabili tatizo hili kwa uwazi. Kolombia ina sheria, yenye mizizi mwaka 1921, inayowataka wenye ardhi wanaonufaika na barabara mpya wachangie gharama yake kulingana na manufaa waliyopata. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 209, imeipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo, na papo hapo ikaikataza kutumia mamlaka yake ya kodi kwa namna inayoathiri uchumi wa taifa au kuzuia bidhaa na wafanyakazi kuvuka mipaka ya kaunti. Roho ya kifungu hicho iko wazi: kaunti ijitegemee kwa ardhi, ambayo haihamishiki, badala ya kubana biashara, ambayo inaweza kuhama. Kwa kuwa kodi ya ardhi nchini kwa kawaida imekuwa ikitegemea orodha za uthamini zisizohuishwa kwa miaka mingi, kaunti zimekimbilia ada za vibali, maegesho na malori, yaani kumkamua hasa yule ambaye katiba ilitaka apumue.

Hapa itajitokeza hoja kwamba tatizo halisi ni ufisadi. Ushahidi wake haukosekani. Gavana wa pili wa Kiambu, Ferdinand Waititu, aliondolewa madarakani na Seneti Januari 2020, na Februari 2025 mahakama ikamtia hatiani katika kesi iliyohusu kandarasi ya barabara ya shilingi milioni 588, uamuzi alioukatia rufaa. Fedha za barabara zikipotea, lori la kiwandani ndilo linalokwama kwenye matope, na hakuna nadharia inayoweza kulipuuza hilo. Hata hivyo, kama kila shilingi ingejenga barabara iliyokusudiwa, pengo la faida kati ya ploti na kiwanda lingebaki palepale, na huenda lingepanuka, kwa kuwa lami mpya huongeza bei ya ardhi kabla ya kuongeza kitu kingine chochote.

Hoja ya kupinga iliyo nzito zaidi ni kwamba magorofa ya kupangisha nayo ni maendeleo. Sensa ya 2009 ilihesabu watu zaidi ya 238,000 Ruiru. Ile ya 2019 ilikuta takriban 490,000. Watu hao walihitaji pa kulala, mafundi walipata vibarua, na nyumba ya bei nafuu humpunguzia mwajiri shinikizo la mishahara. Hayo ni kweli. Lakini jengo hutoa ajira nyingi mara moja, linapojengwa, kisha hubaki na bawabu na wakala wa kodi ya nyumba. Halijifunzi kuzalisha zaidi mwaka hadi mwaka kama ambavyo kiwanda kinaweza. Margaret McMillan na Dani Rodrik walionyesha mwaka 2011 kwamba katika nchi nyingi za Afrika wafanyakazi walihama kutoka sekta zenye tija kubwa kwenda zenye tija ndogo. Kijana anayetoka shambani na kuishia kuchuuza kando ya barabara ya Ruiru amehama sekta bila uchumi kupanda ngazi. Magorofa hayohayo hushindana na viwanda kwa maji na mifereji ya maji taka, kiasi kwamba bwawa la Karimenu II, lililokamilika 2022, lilijengwa kwa sehemu kubwa kukimbizana na mahitaji ya wakazi.

Tatu City, iliyozinduliwa mwaka 2010 kwenye takriban ekari 5,000 za mashamba ya kahawa Ruiru, inaonyesha jibu ambalo soko limejitafutia. Chini ya Sheria ya Kanda Maalumu za Kiuchumi ya 2015, kampuni iliyopewa leseni katika eneo hilo hulipa kodi ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata, huku msanidi binafsi akisimamia barabara, maji, umeme na kanuni za ujenzi. Kwa maneno mengine, utawala bora unauzwa pamoja na kiwanja. Viwanda vilivyobaki nje ya lango hilo, vikiwemo vya Thika, vinategemea manispaa ambayo, kwa mujibu wa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, huendeshwa na bodi iliyo chini ya kaunti na isiyoweza kutumia fedha mpaka makadirio yapitishwe na bunge la kaunti, ambalo wajumbe wake wengi hawakuchaguliwa na wakazi wa mji huo. Bunge hilo lina mamlaka ya kutenga sehemu ya kodi ya ardhi inayokusanywa Thika na Ruiru ili itumike kwa barabara za viwandani, maji na mifereji ya miji hiyo miwili. Mjumbe wa wadi ya mashambani ana sababu ya haki ya kulipinga pendekezo hilo, kwa vile wadi yake nayo haina lami.