C ya Mwaka Gani?

Katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, sifa za mhitimu wa kidato cha sita zimegawanywa kwa mwaka aliomaliza: kabla ya 2014, 2014 na 2015, kisha kuanzia 2016. Pointi zinazotakiwa ni zilezile, 4 kutoka masomo mawili. Kilichobadilika ni thamani ya herufi.

2014 na 2015 ilikuwa miaka ambayo Baraza la Mitihani, NECTA, lilihama kutoka madaraja ya ufaulu, division, kwenda wastani wa pointi, GPA, na katikati ya A na B ikachomekwa B+. Mwaka 2014 aliyepata 45 alipewa C, pointi 2. Mwenye C mbili akawa na sifa ya kuomba chuo. Januari 2016 Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako, aliyewahi kuwa Katibu Mtendaji wa NECTA, akaagiza division zirudi. Mwaka huo 45 ikawa E, pointi 1. Alama zilizomvusha kaka zikamwacha mdogo wake mlangoni.

Kwa wasomi wa miaka ya 1970 hayo ni madogo. Wao hata A tatu hazikutosha. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala wakati huo, ilikaa Musoma ikaamua kwamba mtu asitoke kidato cha sita akaingia chuo kikuu moja kwa moja. Aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi angalau miaka miwili, kisha alete pendekezo la mwajiri na la tawi la chama. Nia ilikuwa kijana awajue wavuja jasho wanaomsomesha. Lakini katibu wa tawi, ambaye pengine hakuwahi kuona mtihani wa kidato cha sita, akapata sauti katika udahili. Waliokwama mapema ni wasichana: miaka ile miwili ndiyo ya kuolewa na kuzaa. Idadi yao chuoni ikashuka, na 1976 wakaondolewa sharti hilo.

Masharti ya Musoma yalipolegezwa, cheti kikarudi kileleni. Mwaka 2010 TCU ikaanzisha mfumo wa pamoja: mwombaji anajaza kozi azitakazo, kompyuta inampangia chuo kwa pointi zake na nafasi zilizopo. Vyuo vikawa vinapokea majina tu. Mfumo huo ukafutwa 2017, udahili ukarudi vyuoni, na mwombaji akaanza tena kulipa ada ya maombi kwa kila chuo anachobisha hodi.