Kuwa ku Rezo na Kuwa Inje ya Rezo: Tangu Ngoma ya Lokole Mpaka Simu

Siku hizi vijana wetu wanasema: «Fulani iko konekte», ao: «Fulani haiko ku rezo». Watu wengi wanazania kama mambo haya yalikuja pamoja na ordinateri na simu. Sisi tunataka kuonyesha kama neno ni jipya, lakini jambo lenyewe ni la zamani katika inchi yetu, na wazee waliliwekea adabu.

Kwanza maana. Katika miaka ya 1950, wafundi wa ordinateri walisema mashini iko «ku linye» ikiwa imefungwa moja kwa moja na ordinateri na inapokea amri palepale. Mashini iliyofanya kazi pembeni, ikingojea kadi ao bande zilizoletwa na mikono ya watu, ilikuwa «inje ya linye». Hata imprimante nyingi za ofisi zilikuwa na kifungo cha kazi hiyo. Ukikifinya, mashini ina moto, ina karatasi, lakini haipokei kitu. Basi, kuwa inje ya linye si kufa. Ni kutosikia kwa wakati ule tu.

Wazee walijua jambo hilo. Kwa Walokele, ku mto Congo karibu na Kisangani, habari zilipita kwa lokole, ngoma ya gogo lililochimbwa ndani, yenye sauti mbili: ya juu na ya chini. Mmisionari John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, aliandika kitabu juu ya ngoma hizo ku 1949. Ngoma inafuata kupanda na kushuka kwa sauti ya luga. Lakini maneno mengi yanafanana kwa sauti, njo maana mpigaji hakupiga neno moja tu, alipiga usemi mzima ambao kila mtu aliujua. Tena mtu alikuwa na jina lake la ngoma, ndani yake mara nyingi jina la baba. Sauti ilifika kilometre kadhaa, zaidi asubuhi na magaribi, na mpigaji wa kijiji kingine aliirudilia mbele.

Kijiji kizima kilisikia. Kama ulikuwa mbali porini, mwingine alisikia kwa ajili yako, na habari ilikungojea.

Kisha ikaja foni. Wakati posta na waya za simu zilikuwa zimeharibika, misioni na wachuuzi walisema kwa radio hiyo, kwa saa iliyopangwa. Hakukuwa siri, na mtu aliyesikia jina la jirani alimpelekea habari. Ku 1986 Telecel ilianza ku Kinshasa, simu ya matajiri. Tangu miaka ya 2000, Celtel na Vodacom zilifikisha simu kwa watu wengi. Watu walipanda milima kutafuta rezo. Walibipiana pia: bip moja, «nimefika», mbili, «niite». Ile nayo ilikuwa ngoma.

Lakini kitu kimoja kimepotea. Leo ujumbe unafika kwa mtu mmoja peke yake. Akinyamaza, tunasema: «Anatuzarau, tumemuona en ligne.» Hatuulizi kama amekosa moto, ao mayunite, ao amekimbia vita. Na mara ingine rezo inakatwa na wakubwa. Kisha uchaguzi wa tarehe 30 desemba 2018, intaneti ilikatwa inchi nzima karibu siku 20. Wenye watoto Ulaya waliwangojea bure ku WhatsApp. Je, tungesema kama wazazi wote wa Congo wamekuwa na kiburi?

Kunyamaza kwa mtu si jibu. Ni swali, na jamaa njo inapaswa kulifuata: kuuliza jirani, kutuma mtoto, kupiga hodi.

Tunaomba vijana walinde desturi mbili. Ya kwanza: mtu anayekwenda mahali pasipo rezo aage mbele, aseme atarudi lini. Ya pili: mwenye rezo amsikilie asiye nayo, na habari aipeleke mpaka mlangoni. Simu yaweza kuzimika. Jina la mtu na jina la baba yake, sisi tunapaswa kuendelea kuyajua.