Edith Stein na karatasi za wakati

Tamka neno "karibu" polepole. "Bu" inapotoka mdomoni, "ka" imeshapotea hewani. Hata hivyo aliyepiga hodi hakusikia vipande vitatu. Amesikia amekaribishwa, na tayari anavua viatu. Imekuwaje?

Swali la namna hiyo ndilo mwanafalsafa Edmund Husserl aliloingia nalo darasani Göttingen, Ujerumani, Februari 1905. Mfano wake ulikuwa wimbo. Alisema "sasa" tunayoishi si nukta: sauti iliyopita punde bado imeshikiliwa, inafifia taratibu, na sikio limeshatangulia kuingoja inayofuata. Ndiyo maana mwimbaji akikatiza katikati tunashtuka. Kushikilia huko si kukumbuka. Anayekumbuka anaurudia wimbo wa jana kimoyomoyo. Anayeshikilia hajauachia bado. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo moyo wa fenomenolojia ya wakati, yaani kuuchunguza wakati jinsi tunavyouishi, na hakuna saa ya ukutani inayoweza kutuonyesha hilo.

Husserl hakuzichapisha hotuba hizo. Aliandika kwa hatimkato, akasahihisha, akarundika. Mwaka 1916 Edith Stein, aliyekuwa ametoka kupata udaktari, akawa msaidizi wake huko Freiburg. Ndiye aliyeufumbua mwandiko ule, akaunakili, akaugawa katika sura na vifungu. Mara nyingi profesa hakuwa na subira hata ya kupitia alichomwandalia. Februari 1918 Stein akajiuzulu.

Kitabu cha hotuba hizo kilitoka 1928, kikiwa na jina la mhariri mmoja: Martin Heidegger, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ametoa kitabu chake Sein und Zeit (Kuwa na Wakati). Aliyoyabadilisha Heidegger yalikuwa machache. Stein akaambulia kutajwa kwa ufupi kwenye dibaji, kama karani. Naiona kuwa dhuluma, na miaka haijaipunguza.

Husserl alifariki Aprili 1938. Mwaka huohuo Herman Leo Van Breda, mtawa Mfransisko, alizitorosha karatasi zake, kurasa zipatazo 40,000, hadi Leuven, Ubelgiji, zisiangukie mikononi mwa Wanazi. Stein hakuokoka. Alizaliwa Myahudi, akabatizwa Mkatoliki, akawa mtawa wa Karmeli. Aliuawa Auschwitz, Agosti 1942.

Rudolf Boehm alipotoa chapa mpya mwaka 1966, alikilinganisha kitabu na karatasi za Leuven. Hapo mishono ikaonekana: mahali Stein alipoyaunga maneno ya 1905 na yale yaliyoandikwa miaka mingi baadaye, hata msomaji akadhani anasikia hotuba moja.