Mtu Aliyeyapima Makanisa kwa Picha: Maisha na Kazi ya Albrecht Meydenbauer (1834–1921)

Usharika unapokaribia kutimiza miaka 100, kazi ya kwanza inayoikabili kamati ya historia ni kutafuta picha. Makabati ya ofisi hufunguliwa, wazee huombwa kuleta albamu za nyumbani, na baada ya majuma kadhaa hupatikana lundo la picha ambazo karibu zote zina sura moja: Wakristo wamejipanga mistari mbele ya kanisa, mchungaji na wazee wa kanisa wamekaa vitini katikati, watoto wameketi chini, na nyuma ya vichwa vyao huonekana kipande cha ukuta na nusu ya dirisha. Nyuso zimehifadhiwa, jengo halikuhifadhiwa. Na kama kanisa lile la kwanza lilikwisha kubomolewa ili kupisha lililo kubwa zaidi, hakuna awezaye kusema kwa hakika mlango wake ulikuwa na upana gani, wala paa lake lilianzia kimo gani.

Wamisionari wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walipiga picha nyingi, na sehemu ya hazina hiyo leo imo katika mkusanyo wa kimataifa wa picha za kimisioni unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani. Thamani yake ni kubwa. Hata hivyo, picha hizo zilikusudiwa kuwaonyesha marafiki wa misioni huko Ulaya jinsi kazi ilivyokuwa ikiendelea. Hazikupigwa ili fundi wa miaka ya baadaye azishike mkononi na kulisimamisha tena jengo lililoanguka. Katika miaka hiyo hiyo, mjini Berlin, mji ambao kutoka kwake Misioni ya Berlin ilituma watumishi wake waliofika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, alikuwapo mtu aliyekuwa akiifanya hasa kazi hiyo ya pili. Jina lake ni Albrecht Meydenbauer, na wengi wanaozuru makanisa makuu ya Ujerumani hawajapata kulisikia.

Meydenbauer alizaliwa mwaka 1834 katika mji mdogo wa Tholey, magharibi ya Ujerumani. Alisomea ujenzi katika Bauakademie, chuo mashuhuri cha ujenzi cha Berlin, na hakuwa na nia ya kuwa mpiga picha. Mwaka 1858, akiwa kijana wa miaka 24, alitumwa kupima Kanisa Kuu la Wetzlar. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1230, na mpaka leo halijakamilika: mnara mmoja wa upande wa magharibi ulimalizika, mwenziwe ukabaki kisiki. Tangu wakati wa Matengenezo ya Kanisa, Waevanjeli na Wakatoliki wamekuwa wakiabudu ndani yake kwa zamu chini ya paa moja, jambo ambalo kwa nyakati zile halikuwa rahisi.

Kupima jengo la namna hiyo kulimaanisha kupanda. Kila ukingo wa dirisha, kila tao na kila nakshi ya jiwe ilipaswa kufikiwa kwa mkono na kuwekewa kipimo. Kwa kuwa kujenga jukwaa la mbao kuzunguka kanisa zima kungegharimu fedha nyingi, Meydenbauer alitumia kisanduku kilichoning’inizwa kwa kamba, cha namna wanayotumia wasafisha madirisha. Jioni moja, akitaka kujiepusha na mzunguko mrefu wa ngazi, alijaribu kutoka katika kisanduku na kuingia moja kwa moja katika uwazi wa ukuta, juu sana kutoka ardhini. Kisanduku kikasogea nyuma, naye akabaki kati ya kamba na jiwe. Kwa mkono wa kulia aliung’ang’ania ukingo wa ukuta. Kwa mguu wa kushoto alikisukuma kisanduku kwa nguvu, na msukumo huo ukamtupa ndani. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba ni wakati akishuka, baada ya kuokoka, ndipo lilipomjia swali: je, kipimo kinachotafutwa kwa mkono kwa hatari ya namna hii, hakiwezi kutafutwa katika picha?

Hapana budi kueleza swali hilo lilikuwa na maana gani, kwa sababu ndani yake imo kazi yote ya maisha yake. Kwa muda mrefu wachoraji walijua namna ya kuchukua ramani ya jengo na kutoa mchoro wake kama macho yanavyoliona, vitu vya mbali vikiwa vidogo na vya karibu vikiwa vikubwa. Meydenbauer aliuliza kama njia hiyo yaweza kutembewa kinyume: kuanza na mwonekano ulionaswa na kamera, kisha kurudi mpaka kwenye ramani. Mfano wa shambani utasaidia. Watu wawili wakisimama mahali pawili tofauti, umbali kati yao ukiwa umepimwa, na kila mmoja akaunyoshea mti ule ule kidole, basi mahali mistari ya vidole vyao inapokutana ndipo mti ulipo, hata kama hakuna aliyeukaribia. Picha mbili za kanisa moja, zilizopigwa kutoka vituo viwili vinavyojulikana, ni kama watu hao wawili, isipokuwa kwamba zinanyosha vidole maelfu kwa wakati mmoja, na hazichoki.

Lakini kamera ya kawaida haikufaa. Iliyohitajika ni kamera iliyo chombo cha kupimia: umbali kati ya lenzi na bamba usiobadilika, mwili wake ukae sawasawa kama timazi ya mwashi inavyotaka, na alama zionekane katika kila picha kuonyesha upeo wa macho na kitovu cha picha ulipo. Karatasi hunywea na kutanuka. Kwa hiyo picha zilipigwa juu ya mabamba ya kioo, na kwa miaka mingi kipimo chake cha kawaida kilikuwa sentimita 40 kwa 40. Bamba la ukubwa huo ni zito na huvunjika upesi, na msafara wa Meydenbauer ulibidi kubeba mengi. Mwaka 1867 aliijaribu njia yake katika mji wa Freyburg kando ya mto Unstrut, akilipima kanisa la mji kwa kamera aliyoibuni mwenyewe. Mwaka huo huo gazeti la wasanifu majengo wa Berlin lilichapisha makala iliyoipa kazi hiyo jina ambalo wapimaji wa dunia nzima wanalitumia mpaka leo: fotogrametria.

Msomaji atadhani kwamba tangu hapo milango ilifunguka. Haikuwa hivyo. Wazo lilizaliwa mwaka 1858. Taasisi ya kulitekeleza ilianzishwa mwaka 1885. Kati ya miaka hiyo kuna 27, na kwa sehemu kubwa ya muda huo Meydenbauer alikuwa mtumishi wa serikali katika idara za ujenzi, akikagua majengo mchana na kuandika barua za kuomba kusikilizwa. Ferdinand von Quast, aliyekuwa mhifadhi wa kwanza wa majengo ya kale wa Ufalme wa Prusia, alipelekewa wazo hilo mapema. Wanajeshi walivutiwa zaidi kuliko watu wa makanisa, kwa kuwa waliona kwamba ngome ya adui yaweza kupimwa bila kusogelewa. Wasanifu wengi waliona shaka. Mkono wa mchoraji, walisema, unaelewa jiwe, kamera haielewi. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa maana mchoraji anayepima kwa mkono hujifunza jengo kwa namna ambayo picha haimfundishi mtu. Lakini mchoraji pia hukosea, tena hukosea bila kuacha ushahidi wa kosa lake, na hapo Meydenbauer alikuwa na haki. Yafaa kutaja, kwa kupita tu, kwamba mtu huyu hakuridhika na jambo moja: katika miaka hiyo hiyo ya kungoja alikuwa akijaribu kueleza jinsi mashimo yaonekanayo juu ya uso wa mwezi yalivyofanyika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 hali ilibadilika. Waziri wa elimu na mambo ya kanisa wa Prusia, Gustav von Gossler, alimuunga mkono, na mwaka 1885 Meydenbauer akaitwa Berlin kuiongoza taasisi ya kifalme ya picha za vipimo. Ofisi zake ziliwekwa ndani ya Bauakademie, jengo la matofali mekundu lililosanifiwa na Karl Friedrich Schinkel, pale pale alikosomea akiwa kijana. Alikuwa na miaka 51.

Kuanzia hapo alisafiri miaka 24. Nia yake aliieleza kwa maneno yaliyo wazi: kuwe na ghala la kumbukumbu za majengo ya taifa, ili hata jengo likipotea, vipimo vyake visipotee pamoja nalo. Makanisa makuu yalishika nafasi ya kwanza, lakini majumba, ngome na malango ya miji yalihesabiwa pia. Mwanzoni mwa karne ya 20 kamera zake zilivuka mipaka ya Ujerumani, zikafika hata kwenye magofu ya mahekalu ya Baalbek huko Lebanoni. Alistaafu mwaka 1909 akiwa na miaka 75, akaandika kitabu cha mwongozo wa kazi hiyo kilichotoka mwaka 1912, akafariki mwaka 1921. Waliomfuata waliendelea, na kufikia mwaka 1920 taasisi ilikuwa na mabamba ya kioo takriban 20,000.

Picha hizo si nzuri kwa maana ambayo watu wa sanaa hulitumia neno hilo. Haziwindi mwanga wa asubuhi ukipenya dirishani, wala ukungu, wala kivuli cha kutia majonzi. Watu hawamo, au wakiwamo wamesimama kando kama waliokosea njia. Kila kitu kimeonekana kwa uaminifu ule ule, nakshi ya mlango mkuu sawa na bomba la maji ya mvua. Hilo ni pungufu lake pia. Mtu akiyatazama makanisa hayo hawezi kujua ni nani aliyebatizwa mle, wala walikaa wapi siku ya Pasaka. Tena chaguo la majengo lilikuwa chaguo la dola: palipokuwa na jina kubwa, kamera ilifika, kanisa dogo la kijijini, lenye mimbari iliyochongwa na seremala wa pale pale, mara nyingi liliachwa. Kwa hiyo albamu zile za nyumbani na mabamba ya Meydenbauer ni nusu mbili za kumbukumbu moja, na ni nadra kuzikuta pamoja.

Thamani ya kazi yake ilijulikana baada ya yeye kufa, na ilijulikana kwa njia ya maafa. Katika Vita Kuu ya Pili miji ya Ujerumani iliteketea. Hata Kanisa Kuu la Wetzlar, lile ambalo karibu limuue, lilipigwa bomu upande wa madhabahu. Mjini Berlin, mnara wenye kuba katika uwanja wa Gendarmenmarkt, uitwao Kanisa Kuu la Kifaransa, uliungua mwaka 1944. Ulipofika wakati wa kuurudishia hali yake, miongo kadhaa baadaye, wapimaji walirudi kwenye mabamba ya miaka ya 1880. Kwa kutumia picha ambazo mpigaji wake alikuwa amekufa kabla wao hawajazaliwa, walichora upya sehemu zilizoteketea kwa vipimo, si kwa kukisia. Kasri ya kifalme ya Berlin, iliyobomolewa kwa amri ya serikali ya Ujerumani Mashariki mwaka 1950, iliporudishiwa kuta zake za nje katika karne hii, mabamba ya taasisi ile yalitumika tena kutafuta vipimo vya madirisha na nguzo zake.

Mwashi yeyote ataelewa tofauti iliyopo hapo. Jengo likikumbukwa kwa maneno, kila mzee ana kanisa lake: kwa mmoja lilikuwa refu, kwa mwingine lilikuwa na madirisha sita, kwa wa tatu manane. Likiwa na picha ya kawaida, idadi ya madirisha hujulikana na ubishi hupungua. Likiwa na picha mbili zilizopigwa kwa utaratibu, pamoja na urefu wa ukuta mmoja uliopimwa na kuandikwa, jengo zima laweza kuchorwa. Kwa kanisa la sharika zetu si lazima kuwe na kamera ya bamba la kioo. Fito iliyowekewa alama za mita na kuegemezwa ukutani wakati wa kupiga picha hutoa kipimo ambacho kamati ya miaka 100 ijayo itaweza kukisoma.

Mabamba ya Meydenbauer leo yanatunzwa na idara ya uhifadhi wa majengo ya kale ya jimbo la Brandenburg, huko Wünsdorf, kusini ya Berlin. Nyumba yao ya kwanza haipo tena. Bauakademie iliungua mwezi wa Februari 1945, na ingawa kuta zake zilikuwa bado zimesimama na kazi ya kuitengeneza ilikuwa imekwisha kuanza, ilibomolewa mwaka 1962. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kona yake moja ilijengwa upya kwa matofali, ikasimama peke yake katika uwanja ule.