Kompyuta Haina Kabila

Wapo watu wengi, na baadhi yao ni wasomi wakubwa, wanaoamini kwamba kompyuta huzaliwa ikijua Kiingereza. Ukiwauliza kwa nini mtoto wa Singida akariri kwanza maneno kama IF, PRINT na WHILE ndipo aweze kuiamuru mashine, watakujibu kwamba hiyo ndiyo lugha yake. Mimi sikubaliani nao, na shahidi wangu ni mama mmoja wa Kimarekani.

Mashine yenyewe haijui lugha yoyote ya binadamu. Ndani yake mna umeme tu, katika hali mbili ambazo sisi huziandika kwa tarakimu 1 na 0. Ndiyo maana watunga programu wa kwanza walisema nayo kwa namba tupu. Grace Hopper, mwanahisabati aliyezaliwa New York mwaka 1906, aliifanya kazi hiyo tangu mwaka 1944 kwenye mashine ya Mark I, Chuo Kikuu cha Harvard, akiwa ofisa wa jeshi la wanamaji. Aliona jinsi watu hodari walivyokosea kila waliponakili namba kwa mkono. Akajiuliza, kwa nini mashine isiifanye kazi hiyo ya kunakili? Kufikia mwaka 1952 alikuwa na programu iitwayo A-0, iliyochukua vipande vya maagizo vilivyokwisha kuandikwa na kuviunganisha yenyewe.

Kutoka hapo alipiga hatua nyingine. Katikati ya miaka ya 1950, akiwa na kampuni ya Remington Rand huko Philadelphia, alipendekeza kwamba watu wa hesabu za biashara waiandikie mashine kwa maneno ya kawaida, na programu ya kufasiri iyageuze kuwa namba. Wakubwa wake wakamwambia kompyuta haielewi maneno. Hopper na wenzake wakatengeneza mfano mdogo wa Kiingereza, ukafanya kazi. Kisha, ili kuonyesha upana wa wazo lao, wakauandika mfano ule ule kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Mashine haikubadilishwa, kilichobadilishwa ni orodha ya maneno tu.

Ndugu msomaji, hapo ndipo wakubwa waliposhtuka! Hopper alikisimulia kisa hiki uzeeni kwa mzaha: iliwezekanaje mashine ya heshima, iliyoundwa Pennsylvania, ijue Kifaransa? Ilibidi yeye na wenzake wawahakikishie mara nyingi kwamba watatumia Kiingereza peke yake. Lugha iliyotokana na kazi hiyo iliitwa FLOW-MATIC. Mwezi Mei 1959 wajumbe wa serikali ya Marekani na wa makampuni walikutana Pentagon kutafuta lugha moja ya biashara kwa mashine zote, na FLOW-MATIC ikawa msingi mkubwa wa lugha waliyoitunga, COBOL. Desemba 1960, programu ile ile ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine za makampuni mawili tofauti. Hadi leo benki nyingi duniani zinaitegemea lugha hiyo.

Sibezi faida ya lugha moja. Programu iliyoandikwa Bangalore husomeka Nairobi, na hilo si jambo dogo. Lakini kushirikiana na dunia ni jambo moja, na kujifunza kufikiri ni jambo jingine. Warusi walilitambua hilo: mwaka 1985, somo la kompyuta lilipoingizwa katika shule zote za sekondari za Muungano wa Kisovieti, kitabu kilichosimamiwa na Andrei Ershov kilitumia lugha ya programu yenye maneno ya Kirusi. Lugha nyingine wangejifunza baadaye.

Mimi nilisoma hesabu kwa Kiswahili miaka saba ya shule ya msingi. Jumlisha, toa, zidisha, gawanya: hayo ndiyo maneno ninayofikiria nayo mpaka leo. Nilipokuja kufundishwa programu, niliona wenzangu waliokuwa mabingwa wa hesabu wakinyamaza darasani. Akili walikuwa nazo. Kilichowashinda ni kubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, hoja ngeni ndani ya lugha ngeni. Wengine walikariri maagizo kama mtu anavyokariri hirizi, bila kujua kwamba IF ni "ikiwa" ile ile waitumiayo nyumbani kila siku.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Huo ulikuwa mwanzo mwema, ingawa uliishia kwa mtumiaji. Mtunga programu alibaki palepale. Kumtafsiria yeye orodha ya maneno hamsini ya kuanzia si kazi ya kuishinda nchi yenye walimu na kamusi. Kiingereza hakikuchaguliwa na mashine. Kilichaguliwa na watu waliokaa mezani, kwa sababu zao na kwa ajili ya wateja wao. Nasi tunaweza kukaa mezani, kwa ajili ya watoto wetu.