Fidia ya Ajali Kazini na Karatasi ya Ajira: Historia kutoka Buswelu na Ufuo wa Mwanza

Buswelu, kaskazini-mashariki mwa kitovu cha Mwanza, ilikuwa nchi ya mashamba ya Wasukuma na vilima vya mawe kabla haijawa makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, ambayo ilipata hadhi hiyo mwaka 2012 baada ya Jiji la Mwanza kugawanywa. Tangu wakati huo viwanja vimepimwa, nyumba na ofisi zimejengwa, na kazi ya mikono imeongezeka kwa kasi, kazi ambayo kwa kawaida yake huvunja mifupa, hukata vidole na kujaza mapafu vumbi. Swali la nani agharimie majeraha hayo limejibiwa kisheria katika ardhi hii kwa zaidi ya miaka sabini, kwa njia ya wajibu wa mwajiri kumfidia mfanyakazi aliyeumia, na baadaye kwa njia ya mchango wa lazima unaofanya kazi kama bima, yaani waajiri wote hutoa fedha kidogo kidogo katika mfuko mmoja ili msiba wa kiwanda kimoja usibebwe na kiwanda hicho peke yake. Historia ya wajibu huo ikifuatiliwa kwa makini huonesha kwamba haki ya kufidiwa haikuifuata hatari ya kazi; ilifuata karatasi inayothibitisha ajira, na pasipokuwa na karatasi sheria ilipita kando.

Katika jamii ya Wasukuma ya kabla ya ukoloni, kazi kubwa za shamba zilifanywa na vikundi vya vijana chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale, na malipo yalikuwa chakula, pombe, au zamu ya kulimiwa na wengine. Hapakuwa na mwajiri wa kudaiwa, kwa sababu uhusiano wa kazi ulikuwa pia uhusiano wa ujirani, na aliyeumia alirudi mikononi mwa ukoo wake. Utawala wa Wajerumani, uliojenga kituo chake Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, ulitoka katika nchi iliyokuwa ya kwanza duniani kuweka bima ya lazima ya ajali za kazini, kwa sheria ya mwaka 1884 ya wakati wa Kansela Bismarck. Lakini sheria ile iliandikwa kwa ajili ya viwanda vya Ujerumani yenyewe, na mpagazi au mjenzi wa ngome kando ya ziwa hakuwa miongoni mwa watu waliofikiriwa na watunzi wake.

Waingereza walipoichukua Tanganyika, ajira ya ujira iliongezeka, hasa baada ya tawi la reli kutoka Tabora kufika Mwanza mwaka 1928. Vijana wengi wa Usukuma walikwenda pia mbali, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja aliandikishwa kwa namba. Wengi wa vibarua wa enzi hiyo walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi iliyowekewa alama kwa kila siku ya kazi hadi zitimie siku 30, ndipo ujira ulipwe. Kipande kilikuwa karatasi ya kwanza ya ajira kwa watu wengi wa kanda ya ziwa, nacho kilitumika zaidi kumdhibiti kibarua kuliko kumlinda, kwani sheria za bwana na mtumishi za miaka ya 1920 ziliruhusu mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya muda kushtakiwa kama mhalifu.

Aliyeumia zama hizo aliweza, kinadharia, kumshtaki mwajiri kwa uzembe mahakamani kwa kufuata sheria ya Kiingereza isiyoandikwa na Bunge bali iliyojengwa na hukumu za majaji. Njia hiyo ilikuwa na vikwazo vitatu vilivyojulikana sana: mwajiri aliweza kudai kwamba ajali ilisababishwa na mfanyakazi mwenza wa majeruhi, au kwamba majeruhi mwenyewe alichangia kwa uzembe wake, au kwamba aliijua hatari na kuikubali alipoingia kazini. Uingereza iliuzunguka ukuta huo mwaka 1897 kwa sheria iliyoanzisha kanuni mpya, kwamba fidia hulipwa kwa ajali iliyotokea kazini na kwa sababu ya kazi, bila kuuliza nani alikosea. Na Shirika la Kazi Duniani likaifanya kanuni hiyo kuwa ya kimataifa kwa Mkataba Na. 17 wa mwaka 1925. Hata hivyo iliichukua Tanganyika zaidi ya miongo miwili baada ya mkataba huo kupata sheria ya namna hiyo, na si vigumu kuona kwamba migomo ilifanya kazi ambayo mikataba haikuifanya: mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa Septemba 1947 ulisambaa kando ya Reli ya Kati hadi miji ya bara, na muda mfupi baadaye, mwishoni mwa muongo huohuo, Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ikaingia katika vitabu vya sheria, ambako ilikuja kujulikana kama Sura ya 263.

Sheria hiyo inastahili kuangaliwa kwa undani, kwa sababu umbo lake lilidumu kwa zaidi ya nusu karne. Wajibu wa kulipa uliwekwa juu ya kila mwajiri mmoja mmoja, ambaye angeweza kujikinga kwa kununua bima au kulipa kutoka mfukoni mwake. Fidia haikuwa pensheni. Ilikuwa malipo ya mkupuo, yaani fedha zinazotolewa mara moja na kumaliza dai, zikikokotolewa kwa kuzidisha mshahara wa miezi kadhaa na kwa asilimia ya ulemavu iliyosomwa kwenye jedwali, ambamo kupoteza mikono yote miwili au macho yote mawili kulihesabiwa kuwa asilimia 100 na kidole kikapewa sehemu yake ndogo. Daktari alikadiria asilimia, Afisa Kazi akasimamia makubaliano ya mwajiri na mfanyakazi, na waliposhindwa kuelewana shauri lilikwenda mahakamani. Mfanyakazi mwenyewe alielezwa kwa namna iliyowaacha wengi nje: kibarua wa kupita ambaye kazi yake haikuhusu biashara ya mwajiri, mtu aliyepelekewa kazi kuifanyia nyumbani kwake, na ndugu wa mwajiri aliyeishi katika nyumba yake. Kwa uchumi wa Uingereza, uliojaa viwanda, mipaka hiyo iligusa wachache. Kwa Mwanza, ambako mashine ya kuchambua pamba ilifanya kazi kwa msimu na duka la mjini liliendeshwa na watu wa nyumba moja, mipaka hiyohiyo iligusa sehemu kubwa ya watu wanaofanya kazi.

Pamba ndiyo iliyoleta mashine nyingi katika kanda hii. Muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima uliojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions, ulioanzishwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, ulianza kumiliki viwanda vya kuchambua pamba ambavyo awali vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia, na hivyo wakulima wakajikuta kwa mara ya kwanza katika nafasi ya waajiri wenye wajibu wa kufidia. Jambo hili halisemwi mara nyingi katika historia ya ushirika, ambayo hupenda kuzungumzia bei ya pamba kuliko mikono iliyoisukuma pamba hiyo kwenye meno ya mashine.

Baada ya uhuru nchi ilibadilisha mtoa bima pasipo kubadilisha sheria ya fidia. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 biashara ya bima ikawekwa chini ya dola, kwa hiyo mwajiri wa Mwanza aliyetaka kukata bima ya wafanyakazi wake alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha. Mwajiri huyo, kwa kadiri miaka ilivyosonga, mara nyingi alikuwa shirika la umma, na hivyo dola ilimwajiri mfanyakazi, ikamkatia bima na kumpa Afisa Kazi wa kumtetea. Mpangilio huo ulikuwa na faida yake, maana mashirika ya umma yalitunza orodha za mishahara na mafaili ya watumishi kwa uaminifu ambao sekta binafsi ya baadaye haikuwa nao. Aliyekatwa kidole katika kiwanda cha umma hakuwa na shida ya kuthibitisha kwamba aliajiriwa. Udhaifu ulikuwa kwenye kiasi. Viwango vya juu vya fidia viliandikwa ndani ya sheria kwa shilingi, na mfumuko wa bei wa miaka ya 1980 ulipoitafuna shilingi hiyo, fidia ya kifo au ya ulemavu wa maisha ikabaki fedha ambazo hazikuweza kuitunza familia hata kwa muda mfupi.

Miaka ya 1990 ilileta mabadiliko matatu kwa pamoja. Sheria ya bima ya mwaka 1996 ilifungua soko kwa kampuni binafsi. Sheria ya mwaka 1997 iliugeuza Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi wa mwaka 1964 kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambao miongoni mwa mafao yake uliweka fao la kuumia kazini. Na ufuoni mwa ziwa viwanda vya minofu ya sangara vilianza kusafirisha samaki kwenda Ulaya. Wanunuzi wa Ulaya walidai usafi wa hali ya juu na waliwahi kufunga milango yao mwaka 1999 kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu, jambo lililovilazimisha viwanda kurekodi kila kundi la samaki tangu mwaloni hadi kwenye ndege. Rekodi za watu hazikudaiwa kwa ukali huo. Kazi ya kukata minofu, inayofanywa kwa kisu kikali, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi, ilitegemea pia vibarua wa kutwa, na kibarua wa kutwa asiye na mkataba alikuwa na ugumu mkubwa wa kuthibitisha mshahara ambao fidia yake ingekokotolewa kwao. Wavuvi waliowaleta sangara hao walikuwa mbali zaidi na sheria, kwa kuwa wengi hulipwa kwa mgawo wa samaki badala ya mshahara, na mwenye chombo hujiona mshirika wao kuliko mwajiri.

Sheria mpya, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20, ilipitishwa na Bunge mwaka 2008, ikairithi hata namba ya mtangulizi wake, Sura ya 263. Iliondoa wajibu mabegani mwa mwajiri mmoja mmoja na kuunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao waajiri wote wa Tanzania Bara, wa umma na wa binafsi, wanatakiwa kujisajili kwao na kuuchangia. Kati ya kupitishwa kwa sheria na kuanza kwa makusanyo ya michango, Julai 2015, ilipita takriban miaka saba, na ulipaji wa mafao ulianza Julai 2016. Aliyeumia katika miaka hiyo ya kusubiri alikuwa na sheria nzuri iliyochapishwa na sheria mbovu iliyotumika. Mchango ulianza kwa asilimia 1 ya mishahara kwa sekta binafsi na asilimia 0.5 kwa sekta ya umma, kisha wa sekta binafsi ukapunguzwa hadi 0.6 mwaka 2021 na 0.5 mwaka uliofuata. Hulipwa na mwajiri peke yake, bila kumkata mfanyakazi.

Mabadiliko makubwa zaidi yako upande wa mafao. Aliyeumia hutibiwa, na akishindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, lakini ukizidi hapo hugeuka pensheni ya kila mwezi, na aliyefariki huacha wategemezi wanaolipwa. Mwajiri hupaswa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku saba tangu apate habari ya ajali, na dai hutakiwa kufikishwa ndani ya miezi 12. Kenya, ambayo ilianzia kwenye sheria ya kikoloni inayofanana na ya Tanganyika, ilichagua njia nyingine: sheria yake ya mwaka 2007 humlazimu mwajiri kununua bima kwa kampuni binafsi, na uhalali wa vifungu vyake ulibishaniwa mahakamani hadi Mahakama ya Juu ilipoamua Desemba 2019. Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 1986, kwani masuala ya kazi si ya Muungano.

Mfuko hukokotoa kila kitu kutokana na orodha ya mishahara, na hapo ndipo Buswelu inapourudisha mjadala kwenye karatasi. Mkandarasi anayejenga ofisi au barabara kwa zabuni ya umma ana usajili na orodha, na fundi wake akianguka kwenye jukwaa kuna faili la kufunguliwa. Anayejijengea nyumba kwenye kiwanja chake humwita fundi kwa simu, wakapatana bei ya kazi nzima, na fundi huja na saidia fundi wake ambao mwenye nyumba hajui hata majina yao; kati yao wote hakuna anayejiona mwajiri wa mwenzake. Juu ya vilima, wanawake kwa wanaume huponda mawe ya matale kwa nyundo na kuuza kokoto. Matale yana madini ya kwazi, ambayo vumbi lake likivutwa kwa miaka huacha makovu kwenye mapafu, ugonjwa unaotambuliwa na sheria kuwa miongoni mwa magonjwa yatokanayo na kazi, lakini hujitokeza baada ya muda mrefu na hudaiwa kwa mwajiri ambaye mponda kokoto hajawahi kuwa naye. Kokoto zake huingia katika zege la jengo la mkandarasi aliyesajiliwa, ambaye humchangia anayelichanganya zege hilo na hamchangii aliyeziponda, kwa kuwa kwenye vitabu vyake kokoto ni bidhaa iliyonunuliwa, na bidhaa haina mshahara wa kukokotolea asilimia.