Mkataba wa Wamasai wa 1904 na Dhima ya Ardhi

Mwezi wa Agosti 2004, wafugaji wa Kimasai walipoandamana na kuingiza ng'ombe wao katika mashamba makubwa ya Laikipia, habari iliyoenea nchini Kenya ni kwamba ardhi ile Wazungu walikodishwa kwa miaka mia, na sasa muda umekwisha. Dai lilikuwa na haki ndani yake, bali hoja yake haikutoka katika waraka. Kwani mkataba uliotiwa sahihi Agosti 1904, baina ya Olonana, Laiboni yaani kiongozi wa kidini wa Wamasai, na wazee wenziwe na Sir Donald Stewart, Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki, haukutaja kodi wala muda wa miaka. Uliahidi zaidi ya hayo.

Sotoka iliyofyeka ng'ombe wa Wamasai mnamo 1890, na ndui, na vita vya wao kwa wao, viliwapunguza hata malisho yao wageni wakayadhani nyika isiyo na mwenyewe. Na reli ilipokwisha kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, serikali ikatamani kuwaweka walowezi kandokando yake ili gharama zipate kurudi. Basi Wamasai wakakubali kuondoka Naivasha na Nakuru, wakawekewa sehemu mbili, Laikipia upande wa kaskazini na nyingine kusini mwa reli, pamoja na njia ya kuziunganisha, na eneo lisilopungua maili tano za mraba katika miteremko ya Kinangop kwa ajili ya jando na mila za wazee wao. Hayo yote, kwa mujibu wa waraka wenyewe, yangedumu madhali Wamasai wangalipo, wala mlowezi asingepewa ardhi humo.

Ahadi hiyo haikutimiza miaka 7. Olonana alifariki Machi 1911, wakubwa wa serikali wakadai kwamba aliwausia watu wake wahame Laikipia, na Aprili ukaandikwa mkataba wa pili, ambamo mwanawe, naye hajabaleghe, aliwekwa mbele kama mkuu wa Wamasai wote. Watu wapatao 10,000 wakaswagwa kwenda kusini na mifugo yao, na katika baridi na mvua za milima ya Mau wanyama wengi wakafa.

Mmasai Ole Njogo na wenzake wakaenda mahakamani kuupinga uhamisho huo. Jibu walilopewa mwaka 1913, hata katika rufaa, ni kwamba mikataba ile ni maafikiano baina ya dola na dola, na mahakama haina mamlaka ya kuyahukumu. Sijui hila ya sheria iliyo maridadi kuliko hiyo: Wamasai walikuwa dola kiasi cha kutosikilizwa, lakini si kiasi cha kukataa kuhamishwa.

Tangu uhuru wa 1963 ardhi zile zimepita mikono mingi, na insafu yanilazimu niseme kwamba raia aliyenunua shamba Nakuru kwa fedha yake si mwizi. Hata hivyo anakalia ardhi iliyotolewa kwa ahadi, na sehemu ya ahadi hiyo imo shingoni mwake kama ilivyo shingoni mwa serikali iliyorithi mafaili ya Waingereza. Katiba ya 2010 imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi wajibu wa kuchunguza dhuluma za kihistoria, lakini uchunguzi hautafaa kitu iwapo umma haujui kilichoandikwa. Mkataba wa 1904 ni mfupi. Naisihi wizara inayosimamia elimu iuchapishe wote, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, ukasomwe katika kila shule ya Bonde la Ufa.